Ngano Zilizokataa Kufunguka

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nimeanza kazi katika atelye, yaani karakana, ya kutengeneza kompyuta pale mtaa wa Rohero, chini ya Mzee Hamisi, fundi mwenye subira kupita kiasi. Akaingia Madamu Konsolata, mwalimu kutoka Gihosha, amekumbatia kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa kitenge.

"Humu kuna sauti ya mama yangu," akasema. "Ngano zake zote nilirekodi humu. Sasa kapata kiharusi, hasemi tena. Na hii programu, kila nikiifungua inajifunga."

Nikaiwasha. Programu ikachomoza, yakatokea maneno mafupi ya Kifaransa, nikayabofya yaondoke, nayo ikazimika. Nikarudia, vilevile.

"Mzee, kompyuta imezeeka," nikasema. "Tuifute yote, tuanze upya."

Mzee Hamisi akanishika mkono. "Apana, binti. Mashine inasema na we, we unaifunga mudomo. Yale maneno umeyasoma?"

Sikuwa nimeyasoma. Ujana, mwanangu, una pupa ya kutibu kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Nikafungua tena, nikakisoma kile Kifaransa polepole: tarehe si sahihi. Tarehe? Hapo hamu ya kujua ikanikamata. Tarehe na ngano za yule bibi, mama yake Madamu, vina udugu gani?

"Kuuliza si ujinga," akasema Mzee. "Muulize mwenye mashine."

"Madamu, ilianza lini kukataa?"

Akafikiri. "Umeme ulikatika mutaani. Uliporudi, basi, ikaanza hii mambo."

Nikatazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Ilionyesha mwaka wa zamani, kabla Madamu hajainunua hata hiyo kompyuta! Programu ilizikuta ngano za miaka ambayo kwake ilikuwa bado haijafika, ikachanganyikiwa. Tukafungua kasha la kompyuta. Ile betri ndogo, ya mviringo kama kifungo cha koti, inayoiendesha saa umeme usipokuwepo, ilikuwa imekufa. Kwanza tukanakili sauti zote kwenye diski nyingine, maana tahadhari kabla ya hatari. Kisha tukaweka betri mpya, tukarekebisha tarehe.

Programu ikafunguka, ikatulia. Sauti ya bibi ikatoka, kwa Kirundi, ikisimulia habari za sungura na kujichekea yenyewe. Madamu hakulia. Alikuwa akiitikia taratibu, kama mtoto anayesimuliwa. Mimi nikaitazama mikono yangu, ambayo nusura iifute sauti ile, nikaogopa.

Basi sikia, mwanangu. Chombo kikikwama, soma kinachosema kabla hujakinyamazisha. Uliza ni nini kilichobadilika tangu siku kilipokuwa kizima. Weka akiba ya kilichomo, ndipo uguse. Kufuta kuje mwisho kabisa, maana kilichofutwa huenda ni mama wa mtu. Na usione haya kushangaa. Mshangao ndio mlango wa ufundi.

Mungu akupe jicho lisilo na haraka, akuzidishie maswali mema, na kila utakachokishika kirudi kwa mwenyewe kikiwa hai. Amina.