Kasa Mwenye Kucha za Kobe

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi, usihangaike kumtafuta mwingine," anasema Pantelis Moutzinas, huku akiweka kipande cha shaba juu ya muhuri wa chuma. Anainua nyundo. Pigo moja zito, na vikombe vinatikisika hadi kwenye duka la kahawa la jirani.

Ni saa moja asubuhi, nyuma ya bandari ya Egina, kisiwa cha Ugiriki. Pantelis, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, huchonga mihuri na kugonga nakala za sarafu za kale, ambazo watalii hununua kwa euro nane. Kiangazi humlisha, baridi humfundisha adabu. Kwa hiyo mwaka jana, alipopewa kazi ya medali za mashindano ya makasia kati ya kisiwa na wageni kutoka Athene, hakuuliza mara mbili.

Aliyempa ni shemeji yake, Marousa, nahodha wa timu ya wanawake ya kisiwa, mtu asiyesema sana, ila akisema unatafuta pa kukaa. Alitaka mnyama wa sarafu za mababu: kasa wa baharini.

"Kasa hatulii akachorwa," Pantelis anajitetea. "Lakini kobe yupo chini ya miti yangu ya pistachio. Mpe jani la saladi, atakaa kama yuko studio. Nikasema, gamba ni gamba."

Akamchonga kobe, kigae kwa kigae, kucha kwa kucha. Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mashindano, akabeba sanduku la medali hadi kwenye boti, kifua mbele.

Marousa aliokota moja, akaigeuzageuza juani.

"Shemeji, huyu anaogelea kwa kitu gani?"

"Kwa miguu."

"Yenye kucha?"

Waliokuwa wanapaka boti rangi wakaweka brashi chini.

Jambo lenyewe kila mtoto wa Egina hulisikia mezani. Kisiwa kilipotamba baharini, fedha yake ilibeba kasa, mgongo laini wenye safu ya vitone. Athene, yenye bundi kwenye sarafu zake, ikakishinda na kuchukua meli zake. Baadaye sarafu za kisiwa zikatoka na kobe wa nchi kavu. Wasomi bado wanavutana kama ni kushindwa huko kulikombadilisha mnyama. Bandarini havutani mtu.

"Unataka niwavishe wasichana wangu kipigo chetu, mbele ya Waathene?" Marousa aliuliza.

"Wageni hawatajua tofauti."

"Aliyeshinda hasahau, shemeji. Nipe kasa, la sivyo nanunua za mashine kule Piraeus. Mwaka huu na miaka yote."

Pantelis alirudi na sanduku lake, kifua kikiwa kimepungua.

Kilichomwokoa ni chuma. Kwenye muhuri kila kitu ni kinyume: kinachochomoza kwenye medali, huku ni shimo. Mistari iliyogawa gamba ilikuwa imesimama kama kuta ndogo. Akaisaga, mgongo ukawa laini. Akatoboa vitone. Miguu akaichimba zaidi, ikapanuka kuwa mapezi.

"Kobe niliweza kumfanya kasa," anasema. "Kasa kumfanya kobe, ningeshindwa. Chuma ukishakitoa hukirudishi."

Medali zilizokuwa tayari alizipasha moto, akazigonga upya. Hazikukaa kwenye muhuri sawasawa na mara ya kwanza, na kando ya mapezi, ukiziinamisha kwenye mwanga, kucha za kobe bado zinaonekana. Marousa aliziona. Alikohoa kidogo, akazichukua.

Mwezi ujao mashindano yanarudi, na Pantelis anachonga kasa mpya, wa kweli. Alipanda boti kwenda kumtazama mwenyewe majini. "Yeye aliogelea, mimi nikatapika," anasema. Tumaini lake ni moja: safari hii medali ibaki kisiwani, na kazi ibaki mikononi mwake.

Kwa sababu mwaka jana Waathene ndio walioshinda. Nahodha wao, mwanamke mrefu mwenye utani mwingi, aliinua medali mbele ya umati.

"Asanteni, jamani. Meli zenu tulichukua zamani, leo tumechukua na kasa. Sasa mtabaki na nini?"

Pantelis alitazama viatu vyake.

"Mpeleke tu, dada," Marousa akamjibu. "Ila usiache mlango wazi. Mtazame vizuri, ana na miguu. Baharini au nchi kavu, kwao atarudi."