Kengele ya Mzee Komba

Harufu ya grisi kwenye chuma cha zamani, mimi naijua kuliko mtu yeyote Nachingwea. Chuma ndicho kilichonitoa. Niliishia darasa la nne, na leo malori yangu yanabeba chuma chakavu toka Ruangwa mpaka Dar. Anayebisha aje aione nyumba. Basi mwaka jana nikawapeleka wanangu wawili wadogo kwenye makumbusho ya reli. Wao wakakimbilia injini, mimi nikawa nayakadiria magurudumu kwa macho, lile lingepakiwaje, hili lingekatwa wapi. Mara yule mdogo akavuta kamba ya kengele ya shaba pale mlangoni. Ikalia mara moja tu. Nikatafuta benchi, nikakaa.

Niwaambie ukweli ndugu zangu, mlio kama ule niliwahi kuuzima mimi.

Kwetu Naipingo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, reli ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ilikuwa imeshang'olewa zamani. Lilibaki tuta, watoto tukiteleza juu yake kwa makuti. Kando ya tuta aliishi Mzee Komba, Mngoni aliyeletwa na kazi ya reli, yeye na mkewe, bila mtoto. Alikuwa mpiga kengele wa stesheni. Wakubwa wa reli walipoondoka walimwachia kengele, naye akaitundika mbele ya nyumba, akawa anaisugua kwa majivu na ndimu. Kila siku saa nne asubuhi, saa ya treni kufika, aliipiga. Tulimcheka, lakini mama zetu walibandika maharage kwa kengele ile.

Mkewe akafariki. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, na msibani mtani ana ruhusa yake. Anamdhihaki marehemu, anabeba kitu cha wafiwa, nacho hakirudi mpaka kikombolewe kwa kuku au hata kikapu cha mihogo. Mfiwa haruhusiwi kununa. Siku ile babu yangu alijilaza ndani ya kaburi akidai ni chumba chake, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wengine wakabeba sufuria, wengine kigoda. Mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, nikaitundua kengele.

Mzee Komba akanichekea. "We mtani mdogo, hapo umebeba roho yangu. Kesho nakuja na jogoo."

Kesho yake kabla jua halijachomoza nilikuwa njiani kwenda mjini kwa fundi wa bangili. Aliniyeyushia kengele mbele ya macho yangu, akanipa kaptula ya kaki, ya kwanza maishani mwangu isiyo na kiraka. Akasema nikipata kingine nijue pa kukileta. Shule yangu ilikuwa ile.

Niliporudi nikamkuta Mzee Komba uwanjani kwetu, jogoo kwapani.

"Haya mtani, nipe changu."

"Umechelewa, babu," nikamjibu, watu wote wakisikia. "Treni imepita, imeondoka nayo. Na bibi yumo, amekaa dirishani, hata hakukupungia mkono!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Babu alicheka mpaka akakohoa. Mzee Komba naye akacheka, akaniwekea jogoo mikononi. Tukamla.

Asubuhi iliyofuata, saa nne, aliokota jiwe akagonga bomba la maji lililopasuka. Halikulia kitu. Aligonga siku tatu, sisi tukiigiza honi ya treni nyuma yake, tuuu, tuuu. Ya nne hakutoka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliponiona aliniita, "Mtani, treni yetu haijarudi?" Kisha anacheka. Nikajua ameshasahau, nikaendelea kung'oa vyuma vilivyosalia tutani.

Nilikuja kuelewa nilipofiwa na mke wangu wa kwanza. Watani walibeba redio yake. Ilinipasa kucheka, na nilicheka, mpaka taya zikauma kama nimepigwa ngumi. Kesho yake nilipeleka kuku, nikarudishiwa redio yangu.

Pale makumbusho mdogo akaja kunivuta mkono. "Baba, nani alikuwa anaipiga hii?"

"Mtani wangu mmoja, mzee."

"Yuko wapi?"

"Amepanda treni," nikasema.

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka nao, taya zikiuma.