Mtani Wangu na Kiboko wa Bwawani

Kiwanda kilipouzwa tulipunguzwa kazi siku moja, mimi na mtani wangu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu Matombo mtu wa ukoo ule anaweza kuingia jikoni mwangu, akanitukania mama na kumaliza ugali wangu, nami sina ruhusa ya kukasirika. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, kila mtu anaanzisha biashara yake. Yeye akapata boti ya mbao yenye mashine, akaiweka kwenye bwawa la njia ya Mzumbe kupeleka watu kuangalia wanyama. Mimi nikawa mshika kasia wake.

Asubuhi ile abiria walikuwa wawili, mwalimu na mkewe. Nilianza kumchokoza mtani tangu tunasukuma boti majini. "Leo kiboko anakutafuna, mtani, nami nitakula ubwabwa wa msiba wako mpaka nivimbiwe."

Akajibu kwamba kiboko akininusa mimi atahama bwawa. Mke wa mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi.

Tuliona korongo, tukaona mamba amelala topeni kinywa wazi. Kisha, karibu na matete, kiboko jike na mtoto wake. Mtani akazima mashine ili wageni waone vizuri. Alisimama nyuma ya boti, ameyapa maji mgongo, akiwaeleza mambo ambayo nusu yake ni uongo. Yule jike akazama. Nikaona mapovu yanatufuata.

"Mtani, washa mashine! Anakuja, yuko nyuma yako!"

Akacheka. Hata kugeuka hakugeuka. "Mwambie asubiri, naongea na watu wa maana."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na msemo huo nao niliwahi kuucheka.

Boti iliinuka, ikapasuka, tukamwagika wote. Mwalimu alimburuta mkewe kwenye matete. Kiboko alimkamata mtani wangu paja, akamtikisa, akamzamisha, akamwibua tena. Nilimpiga yule mnyama puani kwa kasia mpaka kasia likakatika. Nilimpiga kwa kipande kilichobaki. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimepandwa na hasira tu, naye alimwachia kwa sababu mtoto wake alilia. Nikamvuta mtani kwa ukosi wa shati hadi nchi kavu. Mguu ulishikiliwa na ngozi tu. Nikaufunga kwa shati langu, damu ikapita tu.

Pikapu ya mboga kutoka Mlali ilitubeba. Njia nzima alipiga mayowe, nami nikimpigia mayowe usoni: "Usife, mjinga wewe! Ukifa nitakuua!" Hospitalini wakamkata mguu. Akapona.

Siku ya nne waliniruhusu kumwona. Nilikuwa nimeuandaa utani wangu tangu nyumbani, maana mgonjwa anayetaniwa anajua bado ni mtu. "Sasa jeneza lako litakuwa jepesi, mtani. Wabebaji wanashukuru."

Nikasubiri anitukanie mama. Nilitamani sana anitukanie mama.

"Karibu, bwana," akasema kwa upole. "Asante kwa kuja kuniona. Nyumbani hawajambo?"

Nikavuta kiti, nikamjibu kwamba hawajambo.