Makosa Ishirini na Tisa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenisitiri aibu nyingi na kunipa umri wa kuisimulia hii moja.

Mimi ni mwalimu wa Qur'ani hapa mtaani Mutakura. Darasani kwangu kipimo ni kimoja: mtoto akiteleza neno, anarudi mwanzo wa sura. Hakuna anayesifiwa kwa kuhifadhi robo tatu ya Yasini. Kwa kipimo hicho nilimhukumu binti yangu wa mwisho, wa kwanza nyumbani kwetu kuingia chuo kikuu.

Siku ya matokeo ya mwaka wake wa mwisho, majina yalisomwa kwa sauti ukumbini. Sikwenda, nilikuwa na wanafunzi. Adhuhuri akarudi mweupe kuanzia kichwani hadi mabegani. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, alimsindikiza na kopo la poda, maana kwao aliyefaulu humwagiwa poda.

"Papa Mwalimu, mutoto amepita!" alipiga kelele mlangoni. "Distinksyo! Njoo na we nikumwagie kidogo!"

Watoto wakacheka. Nikamuuliza binti yangu amepata ngapi.

"Sabini na moja kwa mia, baba."

"Basi umekosa ishirini na tisa."

Alitabasamu, akidhani natania. "Baba, pale chuoni sabini ni..."

"Nimekuuliza hesabu, sikukuuliza hadithi. Hawa wadogo wakikosa moja wanarudia. Wewe umekosa ishirini na tisa, na unatembea barabarani umepakwa unga kama samaki anayesubiri mafuta?"

Watoto wakacheka tena, safari hii kwa sababu mwalimu wao alitaka wacheke. Nikamwamuru aende bombani akanawe mbele yao. Poda ikilowa hugeuka uji. Ilimganda kwenye nyusi, akawa anaisugua huku wote tukimtazama.

"Apana, Papa Mwalimu, ile si mzuri," alisema jirani, akafunika kopo lake na kwenda zake.

Wiki ile ile profesa wake alimtaka abaki chuoni, awe msaidizi wa kufundisha huku akiendelea na masomo. Binti yangu hakuwa mtu wa kufanya jambo bila radhi yangu. Alikuja kuiomba.

Nikamwambia, "Atakayefundishwa na mwenye makosa ishirini na tisa, yeye atatoka na mangapi?"

Alikwenda Kanyosha kwa shangazi yake, akawa anauza vitenge.

Miaka miwili baadaye mtu mmoja alileta mwanawe kwangu asome. Tulipozungumza, nikatambua kuwa ndiye profesa yule.

"Mzee, binti yako nilimsubiri mwezi mzima," alisema. "Kwetu hamsini ni kufaulu. Sabini ni distinksyo, na mwaka ule waliofika hapo walikuwa wawili tu. Mimi mwenyewe nilimaliza na sitini na nane." Kisha akaongeza kwa upole, "Nafasi ile tulimpa yule mwingine."

Nikaenda Kanyosha siku hiyo hiyo. Nilimkuta anampimia mteja kitenge. Nikamwambia nimeelewa sasa alama zile, na kwamba nilimdhulumu.

"Umeelewa yote, baba," aliuliza bila kuinua macho, "au kuna ulichokosa?"

"Yote."

"Alhamdulillahi." Akakata kitambaa, akamgeukia mteja.

Hajanivunjia heshima hata siku moja. Kila Idi huniletea pilau na kunibusu mkono. Lakini tangu siku ile ya radhi hajaniomba tena ruhusa ya jambo lolote. Amehamia karibu nami, ana mtoto wa kike aliyefikia umri wa kusoma, na kila alasiri wanapita mbele ya mlango wangu wameshikana mikono, wakielekea kwa mwalimu mwingine wa Qur'ani, mtaa wa tatu kutoka hapa. Mtoto hunipungia. Namshukuru Mungu kwa mkono ule mdogo, na nasubiri.

Wewe unayesoma, Mungu akujaalie wazazi wanaouliza kabla ya kuhukumu. Na ukiwa mzazi, akuzuie ulimi mpaka uelewe. Amina.