Tumbili wa Mama Apolot

Siku ya tumbili siwezi kuisahau, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni nesi mpya katika zahanati ndogo karibu na Malaba, yunifomu imenyooshwa hata inzi angeteleza. Mkunga wetu mkuu, Mama Apolot wa Amagoro, alikuja na tumbili jike aliyeuawa na mbwa katika shamba lake la mahindi. Akampasua juu ya gunia nyuma ya zahanati, akaniita.

"Kuja uone. Mfuko wake wa uzazi ni kama wetu tu. Mshipa huu unatoka chini, huu unatoka juu kwa mayai, inakutana hapa kando. Upande ule pia hivyo hivyo."

Nilichungulia huku nimeziba pua. Mishipa ilijikunjakunja ubavuni mwa ule mfuko, kisha ikazama ndani ya nyama.

"Mama, mimi nimesomea watu," nikasema, nikaenda zangu kunywa chai. Kiburi gani kile!

Siku tatu baadaye, mchana, nilimzalisha msichana aitwaye Nafula. Mtoto salama, kondo la nyuma limetoka lote. Halafu damu ikaja, ikazidi. Mama mkwe wake akanituliza: "Wacha itoke, sista. Hiyo ni damu chafu." Hata kwetu tulilelewa na maneno hayo, na mimi, na cheti changu, nikaiacha itoke. Nilikuwa nabadilisha pamba tu! Midomo ya Nafula ikaanza kupauka.

Mama Apolot akaingia, akamkuta mama mkwe akirudia maneno yale. "Wewe! Chafu gani? Huyu anaisha! Mishipa ya yule tumbili iliingia wapi?"

"Ndani ya nyama ya mfuko."

"Sasa nyama ikilegea, nani atabana hiyo mishipa? Sugua tumbo!"

Nikaweka mkono kwenye kitovu, nikakuta ulaini wa unga uliokandwa. Nikasugua, naye Mama Apolot akamdunga Nafula sindano ya kuzuia damu. Mwanangu, niliuhisi ule mfuko ukikaza! Ukawa mgumu kama mpira chini ya kiganja changu, na damu ikapungua, ikabaki matone. Niliiona mishipa yote akilini, inabanwa kwa pamoja! Nililia huku nacheka. Nafula akafungua macho, akauliza mtoto wake yuko wapi.

Jioni nilimtafuta yule tumbili nyuma ya zahanati. Mama Apolot alikuwa amemfukia kitambo. "Ngoja mwingine afe," akaniambia, wala hakucheka.

Kesho unaanza kazi wodi ya wazazi, Busia. Mama akishajifungua, mkono wako ufike tumboni kwake kabla macho yako hayajafika kwenye shuka. Damu ikizidi, usiiite chafu. Sugua, na upige kelele kuomba msaada. Na mkubwa wako akikuita uone kitu, hata kama kinanuka, nenda ukaone.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila mama atakayepita mikononi mwako arudi kwao akitembea, mtoto kifuani.