Walinzi na Swali la Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi. Muuguzi wa miaka hamsini na miwili amesimama mlangoni mwa chumba cha takwimu cha kliniki ya afya ya akili, viatu mkononi, maana sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki.

"Majibu yametoka?" anauliza. Mtakwimu hata chai hajaimaliza.

Muuguzi huyu, wenzake humwita Mama Maswali. Mwaka mzima amekuwa akiwasomea watu dodoso la maswali arobaini la kutambua matatizo ya haiba, yaani tabia zilizoota mizizi hadi mtu akashindwa kuishi kwa amani na wenzake. Kisha watu haohao huketi na madaktari wawili wasioonyeshwa majibu. Dodoso na madaktari wakipishana mno, dodoso lina walakini.

Na walipishana.

"Je, huwa unawashuku watu hata kama hawajakukosea?" alimsomea mlinzi mmoja. Ndilo swali la kumi na saba.

Mlinzi akaangua kicheko. "Dada, nisiposhuku watu si nitafukuzwa? Ndiyo kazi yenyewe!"

Alicheka naye, lakini jibu lile likamkaa rohoni. Akapekua mafaili. Kati ya walinzi 26, dodoso liliwatia 19 kwenye kundi la wagonjwa, hasa kwa sababu ya swali hilo. Madaktari walimwona mgonjwa mmoja tu.

Alipomfuata daktari mkuu, alijibiwa kwa mkato: "Maswali yameshapitishwa."

Hakukubali yaishe. Mdogo wake wa kiume, mlinzi wa ghala, alibandikwa ugonjwa na dodoso hilohilo miaka mitatu iliyopita. "Wifi yangu akaanza kuficha visu," anasimulia. "Mtu mwenyewe hata kuku anaogopa kumchinja!"

Alirudi kwa daktari mara nne. Mara ya nne daktari akavuta kiti, akawasikiliza walinzi watatu wakijibu. Walipomaliza, akamgeukia muuguzi: "Liandike upya. Wewe mwenyewe."

Akaandika: "Ukiwa nyumbani na watu unaowapenda, bado unawashuku bila sababu?"

Leo ni zamu ya majibu ya walinzi wengine thelathini, waliosomewa swali jipya. Mtakwimu anageuza skrini. Dodoso limetaja wanne, madaktari watatu. Wote watatu wamo miongoni mwa wale wanne.

"Na huyu wa nne?"

"Tutachunguza limemkosea wapi," anasema daktari mkuu, aliyeingia nyuma yake, naye meno yote nje. "Lakini umeona, Mama?"

"Nimeona!" Anapiga kelele hadi waliokaa kwenye benchi la korido wanasimama.

Tayari ana jingine. Swali la ishirini na mbili linauliza kama mtu hukerwa kitu kisipokuwa mahali pake. "Hapo sisi wauguzi tumekwisha sote!"

Wiki ijayo, walinzi wote waliopimwa kwa swali la zamani wataanza kuitwa upya, mdogo wake akiwa wa kwanza.

"Simhoji mimi, ni damu yangu," anasema akivaa viatu. "Nitamsindikiza na mkewe, nikae nje. Ila wifi ataingia naye. Nataka asikie kwa masikio yake."