Notisi Kwenye Kapu la Inshirah

Sala ya alfajiri imekwisha, na Inshirah Abdul-Maujud ameshakomba mamumunye kilo sita. Anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, mjini Zagazig. Anashika mumunye kwa mkono wa kushoto, anazamisha kisu chembamba, anazungusha mara mbili, na nyama ya ndani inatoka nzima. Hatazami mikono yake. Anatazama msumari ukutani.

Kwenye msumari huo imetundikwa notisi ya siku kumi na tano. Kumi na moja zimepita, na kila iliyopita ameikata kwa kalamu ya wanja.

"Nne zimebaki," anasema. "Lakini leo Alhamisi. Alhamisi ni siku yangu."

Ijumaa kila nyumba hapa hupika mahshi, mboga zilizojazwa wali, na wanawake wanaofanya kazi hawana muda wa kukomba. Inshirah, mjane wa miaka hamsini na mbili, huwakombea kwa pauni kumi na tano kwa kilo. Siku ya kawaida hupata kama pauni mia mbili na ishirini. Leo ana oda ya kilo arobaini, kutoka nyumba inayosherehekea siku ya saba ya mtoto. Hiyo ni pauni mia sita.

Kwenye leso yake mna pauni elfu mbili na hamsini. Notisi inadai elfu mbili na mia sita. Asipozipata, anakwenda jela miezi sita.

Mambo yalianza zaidi ya miaka mitatu iliyopita, binti yake mkubwa, Hanadi, alipochumbiwa. Ilitakiwa friji, mashine ya kufulia, jiko na sufuria za kila ukubwa. Kwa fedha taslimu vilikuwa pauni elfu arobaini na moja. Kwa anayelipa kidogo kidogo kila mwezi, elfu sitini na mbili na mia nne.

"Kwetu binti haendi kwa mume na begi la nguo tu," anasema Inshirah. "Mama mkwe atafungua kabati na kuhesabu vijiko. Wewe huwajui hawa."

Dukani kwa Haji Mitwalli alitia saini hati ya amana, karatasi ya kukiri kwamba umekabidhiwa fedha za mtu na utazirudisha, la sivyo ni jela. Mahali pa kiasi palikuwa peupe. Hakuuliza. Hakuna anayeuliza, maana kumwambia mfanyabiashara ajaze kiasi mbele yako ni kama kumwita mwizi dukani mwake, tena chai yake unayo mkononi.

"Nilitia saini, na bado nikamshukuru!" anacheka hadi kisu kinamtoka.

Alilipa miezi kumi na minne bila kuruka hata mmoja. Kisha kifundo cha mkono wa kulia, baada ya miaka ishirini na mitano ya kuzungusha kisu, kikagoma. Akapasuliwa, akakaa miezi mitatu bila kazi. Ndipo tarishi wa mahakama alipoanza kuja.

Na hapa ndipo majirani walipomponza, tena kwa mapenzi. Katika uchochoro huu mtu mwenye faili hajapata kumpata mtu yeyote. Mpiga pasi wa mlangoni, Ami Bayumi, kwa miaka thelathini hamjui jirani hata mmoja akiulizwa na mgeni mwenye karatasi. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari hii, nilipofika na mkoba wangu, aliniambia Inshirah alihamia Suweisi.

"Tarishi nilimwambia hivyo hivyo," anasema mzee huyo bila haya. "Aliporudi nikamwambia kaolewa. Mara ya tatu nikamuua kabisa, nikamsomea na Fatiha."

Kila mara Inshirah aliteremsha kapu kwa kamba kutoka kibarazani, ndani yake sahani ya mahshi ya moto, shukrani kwa Ami Bayumi.

"Tulicheka sana," anasema. "Kumbe nanunua jela kwa mahshi yangu mwenyewe."

Karatasi zilirudi bila saini na kesi ikasikilizwa bila yeye. Pale palipokuwa peupe pakasomeka elfu tisini. Hukumu ikatoka, miezi sita, na yeye huku juu anakomba mabilingani. Aliijua miezi minane baadaye, alipoibiwa mtungi wa gesi na kwenda kituoni kuripoti. Askari alichukua kitambulisho chake, akaandika jina kwenye kompyuta, akamwambia akae. Alikaa siku mbili.

"Nimekwenda kutafuta mtungi, nikapatikana mimi," anasema. Safari hii hacheki. Anasema usiku wa kwanza alilia kwa aibu, na wa pili kwa hasira.

Wakili anayesaidia bure akina mama wenye madeni ndiye aliyemtoa na kuifungua kesi upya. Alimweleza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia: karatasi uliyoipokea ina siku za kujitetea, lakini uliyoikimbia haina hata moja.

Inshirah alikwenda mahakamani na kopo la samli. Ndani mlikuwa na stakabadhi zake zote kumi na nne. Mbele ya hakimu, zile elfu tisini zikasinyaa hadi elfu ishirini na sita, zilipwe elfu moja na mia tatu kwa mwezi. Akichelewa miezi miwili anapewa notisi ya siku kumi na tano; zikiisha hajalipa, mapatano yanavunjika na hukumu inaamka.

Alilipa miezi tisa. Baridi ilipoingia mkono ukavimba tena, na miezi miwili ikapita hivi hivi. Siku kumi na moja zilizopita, Ustadh Labib, yule yule tarishi, akasimama mlangoni na faili lake.

"Inshirah gani?" Ami Bayumi akaanza. "Huyo marehemu..."

"Ami Bayumi, nyamaza!" sauti ikashuka kutoka juu. "Ustadh Labib, nipo! Tia kwenye kapu!"

"Na saini, mama?"

"Tia na kalamu!"

Kapu lilipanda na notisi, likashuka na nakala iliyotiwa saini na sahani ya mahshi. Labib aliila amesimama, anasimulia Inshirah. "Zamani nilimlisha aliyenificha. Sasa anakula aliyenipata."

Ami Bayumi alinuna siku mbili. "Miaka thelathini nawakinga," ananiambia. "Leo mwanamke mmoja ananiumbua mbele ya serikali."

Saa saba mchana kilo arobaini zimefika kwa wenyewe na mia sita zimeingia kwenye leso. Inshirah ananawa, anavaa gauni jeusi la kutokea, anaitoa notisi kwenye msumari. Namfuata hadi dukani.

"Umm Hanadi! Karibu, kaa, unywe chai," anasema Haji Mitwalli.

"Chai yako naijua, Haji. Hesabu."

Anahesabu, anatia kwenye droo. "Barikiwa. Stakabadhi nitakuandikia Jumamosi, kijana wa vitabu hayupo."

"Andika sasa."

"Sisi si ndugu? Karatasi ya nini baina yetu?"

"Kwa undugu huo huo nililala kituoni siku mbili. Andika, Haji. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe. Na hapa kwenye notisi, andika imelipwa."

Wateja wawili wameacha kutazama majiko na wanamtazama yeye. Haji anacheka kidogo, hakuna anayemsaidia kucheka, na anaandika. Inshirah anaisoma karatasi taratibu, neno kwa neno, midomo ikitikisika. Anairudisha.

"Hujatia saini."

Anatia.

Njiani anaingia duka la vifaa vya ofisi kutoa nakala mbili. Kwenye leso zimebaki chini ya pauni hamsini, na ananunua mkate. Imebaki miezi tisa, na mkono umeanza tena kumuuma, hilo halifichi. Ameshamfundisha binti yake wa pili, Taghrid, kukomba kwa mkono wa kushoto na wa kulia kwa zamu, ili asije akaharibika kama yeye. Taghrid naye kachumbiwa. Atakwenda kwa mume na vile tu watakavyonunua kwa fedha taslimu.

"Mwanamume akitaka friji kuliko mke, na aoe friji," anasema mama yake.

Namuuliza atafanya nini siku ya kulipa ya mwisho, hati ile ya amana itakaporudi. Ananijibu tunapoingia kwenye uchochoro.

"Nataka ailete Ustadh Labib," anasema. "Aje na faili lake, asimame hapa mlangoni, aulize. Na Ami Bayumi amjibu kwa sauti, mtaa mzima usikie: ndiyo, Inshirah anakaa hapa."

Ami Bayumi amesikia. Hainui uso kutoka kwenye shati analolipiga pasi.

"Ghorofa ya tatu," anajaribu, kwa sauti ndogo. "Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto."